Wadogo zangu mnaoanza kazi na data za magari na barabara

Kila kundi jipya la vijana likiingia, haziishi siku nyingi kabla mmoja wao hajaleta ramani inayoonyesha mabasi ya Dar es Salaam yakitembea Hispania. Safari hii alikuwa binti mwerevu sana, na barua ya kumlalamikia msambazaji wa vifaa alikuwa ameshaiandika. Nikamwomba asiitume kwanza. Ndipo nikaona niyaandike haya mahali pamoja, kwa sababu nawapenda na kwa sababu nimechoka kuyarudia kwenye kila meza.

Sitaeleza VTS, ule mfumo wa kufuatilia magari kwa vifaa vya GPS, inafanyaje kazi, wala RSU, redio ya kando ya barabara, inafungwa kwenye nguzo ipi. Hayo mnayajua kuliko tulivyoyajua sisi wakati wetu.

1. Mpangilio wa latitudo na longitudo. Dar ni -6.8 na 39.28. GeoJSON, muundo wa faili za ramani, inaanza na longitudo, vifaa vingi vinaanza na latitudo. Ukizigeuza, basi la Kimara linaibukia jirani na Cáceres, magharibi mwa Hispania. Ukidondosha alama ya kutoa, linapanda hadi nyanda za juu za kusini mwa Ethiopia. Basi la Nairobi ukiligeuza hivyo hivyo linazama Mediterania. Zikumbukeni hizo sehemu tatu. Siku mkiona gari liko huko, kosa ni la kwetu, wala si la dereva wala la setilaiti.

2. Vipimo. Kifaa kinachotoa NMEA, mtindo wa kawaida wa maandishi ya GPS, kinaleta mwendo kwa maili za baharini kwa saa, kwa hiyo basi lililo kwenye kikomo chake cha kilomita 80 litasomeka 43, na wewe utamsifu dereva kwa upole. Kwenye ujumbe wa V2X, ule ambao magari na barabara hupeana kwa redio, ni hatari zaidi kwa sababu namba hazina sura ya kukushtua. J2735, kiwango cha ujumbe cha Wamarekani, inahesabu mwendo kwa hatua za mita 0.02 kwa sekunde, na CAM, ujumbe wa Ulaya ambao gari hujitangaza nao, kwa hatua za mita 0.01. Kilomita 80 kwa saa ni 1111 huku na 2222 kule. Ukisoma ya Marekani kwa kanuni ya Ulaya unapata kilomita 40, namba nzuri tu, na hakuna atakayeuliza. Halafu kuna zile namba zinazomaanisha “sijui”: 8191 kwa Wamarekani, 16383 kwa Wazungu wa Ulaya. Kijana mmoja alizijumlisha kwenye wastani wa barabara nzima. Kila “sijui” ikahesabiwa kama gari linalokimbia karibu kilomita 590 kwa saa, na jedwali lake likaonyesha foleni imekwisha mjini. Alifurahi mno hata nikasita kumwambia.

3. Saa. Hapa naomba mtulie mnisikilize.

Tulikuwa na kazi ya kuunganisha data mbili. Upande mmoja mabasi ya mikoani, kila moja likituma mahali lilipo na mwendo wake. Upande wa pili barabara yenyewe: mkandarasi alikuwa anatupa taarifa za sehemu za matengenezo, kilomita inapoanzia, inapoishia, kikomo cha mwendo na muda kinapofanya kazi. Kikomo cha kilomita 30 kilianza saa 2 asubuhi mafundi wanapoingia barabarani, kikaisha jioni wanapotoka. Kabla ya saa 2 barabara ilikuwa wazi kama kawaida. Kazi yetu ilikuwa kulinganisha: gari gani lilipita wapi, lini, kwa mwendo gani, na wakati ule kikomo kilikuwa kipi.

Ndani ya mfumo wetu tulihifadhi saa moja tu, ile ya ujumbe kupokelewa kwenye seva. Uamuzi huo ulikuwa na sababu yake. Tarehe 6 Aprili 2019 hesabu ya wiki za GPS ilijaa na kurudi sifuri, kama inavyofanya kila wiki 1024, na vifaa vya zamani ambavyo havikusasishwa vikaanza kuandika kuwa tuko mwaka 1999. Tulikuwa na vifaa kadhaa vya namna hiyo. Tulipokaa mezani tukasema saa za vifaa haziaminiki, tuchukue ya seva. Nilikuwepo, nikaunga mkono, nikaandika jina langu kwenye kumbukumbu za kikao.

Mnajua kifaa kinafanya nini mtandao ukikatika. Hakinyamazi, kinaweka kila nukta kwenye kumbukumbu yake, kisha mtandao ukirudi kinamwaga zote kwa mpigo. Basi moja lilipita kwenye matengenezo yale asubuhi mapema, kwa kilomita 70, barabara ikiwa wazi na mafundi hawajafika. Bonde lile halikuwa na mtandao. Nukta zikakaa ndani ya kifaa hadi basi lilipotoka kwenye milima, zikaingia kwetu saa 2 ikiwa imeshapita. Mahali palikuwa sahihi kabisa. Mwendo ulikuwa sahihi kabisa. Saa ilikuwa ya seva. Ripoti ikatoka: kilomita 70 ndani ya kikomo cha 30, wafanyakazi wakiwa barabarani. Mwajiri wa dereva hakusubiri maelezo, akamshusha kwenye gari.

Dereva huyo, mtu mzee, alikuja mwenyewe ofisini. Hakugomba. Alitoa kwenye pochi risiti ya EFD ya mafuta, imekunjwa mara nne, wino umeanza kufifia mikunjoni, akaiweka juu ya kibodi yangu. Kituo cha mafuta kilikuwa mji unaofuata, mbele ya matengenezo, na risiti ilisomeka 07:41. Akasema, “Mwanangu, saa mbili mimi nilikuwa nimeshajaza mafuta nimeondoka. Sasa hilo gari mliloliona ni la nani?”

Nilifungua ujumbe ghafi. Saa ya kifaa ilikuwemo muda wote, na ilikuwa sahihi hadi sekunde. Tuliipokea kila mara, tukaitupa kila mara, kwa sababu ya vifaa vichache vibovu ambavyo tungeweza kuvitambua kwa mstari mmoja wa programu: kama mwaka ni 1999, weka alama ya shaka. Tulimwandikia mwajiri siku hiyo hiyo kwamba ripoti ilikuwa na kosa na kosa ni letu. Mzee akarudi kwenye usukani. Lakini alikuwa analipwa kwa safari, na safari ambazo hakwenda hakuna aliyemlipa. Mpaka leo jambo hilo linaniuma, na ndiyo maana nakuwa mkali nikiona jedwali lenye safu moja tu iliyoandikwa “saa”.

Kwa hiyo: saa ya tukio, saa ya kutumwa, saa ya kupokelewa, safu tatu, hakuna inayofuta nyingine. Hifadhini kwa UTC, saa ya dunia nzima, saa za Afrika Mashariki zibaki kwenye skrini. Na taarifa ya barabara nayo ina umri. DENM, ujumbe wa Ulaya wa kuonya hatari barabarani, isipotajiwa muda wa uhai inaishi sekunde 600 tu, na waliopanga hivyo hawakukosea, kwa maana onyo la ajali iliyoondolewa jana linamfundisha dereva kutoyaamini maonyo.

4. Taa. SPAT, ujumbe wa hali ya taa, inakwambia kundi la taa namba 4 ni kijani; MAP, ramani ya makutano, ndiyo inayokwambia kundi namba 4 ni njia ipi. Mkandarasi akichora upya njia na wewe ukabaki na MAP ya zamani, unampa kijani mtu wa kunyoosha wakati kijani ni cha wa kukata kulia. Kagueni namba ya toleo kila mara. Pia muda uliomo ndani ya SPAT ni sehemu za kumi za sekunde tangu saa ya UTC ilipoanza, si tangu usiku wa manane. Kila saa mpya inaanza tena sifuri, nanyi mpange hesabu ya kuvuka hapo.

5. Acheni kugombania redio. Mnashinda mkibishana 802.11p na C-V2X, aina mbili za redio za magari, kama Simba na Yanga. Novemba 2020 FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, iliipunguza bendi ya magari kutoka megahezi 75 hadi 30 na kuielekeza kwenye C-V2X, na waliokuwa wamejenga ujumbe wao vizuri walibaki na ujumbe ule ule. Yajueni yaliyomo ndani ya ujumbe kwanza.

6. Siri za watu. Muundo wa vyeti vya V2X wa Marekani unaligawia gari kila wiki vyeti 20 vya utambulisho, liwe linavibadilisha, ili pasiwe na mtu wa kulifuata barabara nzima. Kwetu data ya VTS inakuja na namba ya gari, na mara nyingi na dereva aliyegusisha i-button yake, kile kitufe cha kumtambulisha. Gari dogo la kampuni likilala mahali pamoja kila usiku, umeshajua mtu anaishi wapi. Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, Kenya ya 2019. Msirushe jedwali hilo kwenye kundi la WhatsApp la mradi. Nimeliona likirushwa mwezi huu, na aliyelirusha najua anasoma hapa; alifute leo, kisha aje tuzungumze, simgombezi.

7. i-button. Kwenye safari ndefu madereva hupokezana usiku, na wa pili akisahau kugusisha yake, makosa yote ya alfajiri yanaandikwa kwa aliyelala. Kabla hamjaambatanisha jina la mtu na kosa lolote, pigeni simu mmuulize dereva, na utingo pia. Namba zao ziko kwenye faili la kila gari, ukurasa wa pili.