Jioni Zetu ni za Wanaopiga Nyimbo Zao Wenyewe

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: mkipata nafasi ya kupumzika, wewe na marafiki zako mnakwenda wapi, na mnafuata nini huko? Mimi na wenzangu wa hapa Bagamoyo tunafuata muziki wa laivu. Tena tunawafuata hasa wale wasio na lebo wala mdhamini, wanaotunga wenyewe, wanaopiga wenyewe, na mara nyingi wanaoshusha spika wenyewe kwenye bajaji na kuzibeba hadi jukwaani.

Nitaeleza kwa urefu kidogo, maana wengi wakisikia burudani ya Bagamoyo wanawaza ufukwe na magofu ya Kaole. Hivyo vipo na tunavipenda. Lakini mji huu ni wa wasanii. Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapa mwaka 1981, sasa tunakiita TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na mwaka 1982 likaanza tamasha la sanaa na utamaduni ambalo limekuwa likijaza mji huu wageni kila linapofika. Vijana wanatoka mikoani kuja kusoma ngoma, muziki na uigizaji, na baadhi yao wakihitimu hawaondoki. Wanapanga vyumba Magomeni na Dunda, wanaoa na kuolewa, wanaunda bendi. Ndiyo maana unaweza kuwa barazani na kahawa yako na kashata, ukasikia nyumba ya pili mtu anarudia kipande kimoja cha marimba mpaka kimkae mkononi.

Mwanamuziki Hukwe Zawose alikuwa mmoja wa waliokuja na kubaki. Alikuwa Mgogo wa Dodoma, akafundisha hapa, akaipeleka sauti yake na ilimba yake hadi Ulaya, na alifariki mwaka 2003. Ukoo wake umeendelea. Pendo na Leah Zawose, mtoto wake na mjukuu wake, kwa miaka mingi walikuwa waimbaji wa nyuma katika kundi la familia. Mwaka 2024 walitoa albamu yao wenyewe, wao wakiwa mbele. Mimi kama mwanamke habari hiyo ilinifurahisha kuliko nyingi nilizosikia mwaka ule.

Na hiyo ilimba inabidi uione kwa karibu. Usiku mmoja tulifika mapema, ukumbi ukiwa bado mtupu, tukamkuta kijana amekaa kwenye ngazi na chombo chake mapajani. Ni sanduku la mbao lenye vijiti vya chuma vilivyopangwa, vingine virefu, vingine vifupi, na ubavuni lina matundu madogo. Alikuwa anabandika utando wa buibui juu ya tundu moja, taratibu, kwa ncha ya kidole, ameziba pumzi usije ukapeperuka. Rafiki yangu mwalimu akamuuliza wa nini. Kijana hakujibu kwa maneno. Aligonga kijiti kabla ya kubandika, akabandika, kisha akagonga kilekile. Mara ya kwanza ulikuwa mlio mkavu. Mara ya pili sauti ilikuja na mvumo, kana kwamba kuna mwingine anaimba kwa ndani. Utando unatetemeka pamoja na chuma, siri yote iko hapo. Baadaye usiku, alipokuwa jukwaani katikati ya gita la besi na tumba, masikio yetu yalikuwa yanautafuta mvumo ule tu, na tuliupata.

Ngoma nazo zina kazi yake. Upepo wa bahari una unyevu, ngozi inalegea, mlio unakufa. Kwa hiyo kabla ya kuanza wanakoka moto wa makuti nyuma ya ukumbi, wanazigeuzageuza ngoma karibu na miali mpaka ngozi ikaze, wanapiga kofi moja, wanasikiliza, wanarudisha motoni. Sisi tunapenda kusimama pale. Kuna hadithi nyingi kwenye moto ule kuliko mezani.

Wenzangu ni watu wa kawaida. Mimi nauza kwenye duka la dawa, nasimama tangu asubuhi, na kila anayeingia amebeba ugonjwa wake au wa mwanawe. Yupo huyo mwalimu wa sekondari, yupo fundi cherehani, yupo kaka mmoja wa mnada wa samaki ambaye sauti inamkauka kwa kunadi. Kuna na mashoga zangu wawili wa Dar es Salaam wanaopanda daladala Jumamosi mchana na kulala kwangu. Kila mmoja anafika na wiki yake kichwani. Tunaanza na pweza na mihogo pale ufukweni, watu wanalalamika weee, mambo ya kodi, mambo ya wakuu wa kazi, na hilo nalo ni dawa. Muziki ukianza tunanyamaza. Tuna makubaliano kwamba simu inabaki kwenye pochi mpaka wimbo wa tatu uishe. Mtu akitaka kupiga picha baada ya hapo, ruksa.

Sasa, kwa nini nyimbo zao wenyewe? Hapa kundi letu linabishana. Yule kaka wa mnada anapenda bendi zinazopiga kopi, zile zinazorudia nyimbo za zamani za dansi na bolingo, na ni kweli watu wanacheza mpaka jasho linawatoka. Sina ugomvi na kopi. Ila wimbo ninaoujua tayari naucheza kwa kumbukumbu zangu, huyo aliye mbele yangu hata simtazami. Kijana wa Bagamoyo akiimba wimbo wake kuhusu mama anayesubiri mashua ufukweni na beseni lake tupu, hakuna mtu ukumbini aliyewahi kuusikia. Inabidi tumsikilize yeye. Mara ya kwanza wimbo ule ulipopigwa, huyuhuyu kaka wa mnada aliweka glasi chini. Anawajua wale akina mama mmoja mmoja, ndio wateja wake wa alfajiri. Ubishi wetu haujaisha, lakini wimbo ule sasa anauomba kwa jina.

Kuna jambo jingine ambalo muziki wa pleibeki, ule wa kuimba juu ya rekodi, hauwezi kukupa hata ulipie kiingilio cha ukumbi mkubwa. Usiku mmoja mpiga gita la solo alikatikiwa uzi katikati ya wimbo. Alitazama chini, akatazama wenzake, akakaa pembeni ya jukwaa kuanza kufunga mwingine. Mpiga tumba hakusimama. Besi ikashuka, ikabaki inatembea polepole, na mwimbaji akatugeuzia kiitikio. Tuliimba wote, wahudumu na wapishi wa jikoni nao, hadi uzi ulipofungwa na gita likarudi kwa nguvu, watu wakapiga vigelegele. Wimbo wa dakika nne ulikwenda karibu robo saa, na hautapigwa tena namna ile. Zanzibar wamelielewa hili siku nyingi: tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, limesimama kwenye msimamo wa muziki wa laivu, na wasanii waliopikwa hapa Bagamoyo wamepanda majukwaa kama hayo wakiwa wamekomazwa na kumbi ndogo kama zetu. Vitali Maembe, aliyesoma chuoni hapa na anayeimba juu ya rushwa bila kuzungusha maneno, ni mfano ninaopenda kuutaja kwa vijana wanaodhani huwezi kusikika na gita tu.

Niseme na la fedha, maana ndilo linaloua bendi. Utaratibu unaojulikana ni kwamba mwenye ukumbi anachukua mauzo ya vinywaji na bendi inachukua mlango. Kwa hiyo ukipitishwa bure kwa sababu unamjua mlinzi, ujue umekula nauli ya mpiga besi. Kwenye hela ya mlango inatoka ya fundi mitambo, ya kukodi spika, ya usafiri wa vyombo, ya mafuta ya jenereta umeme ukikatika, na kinachobaki ndicho wanachogawana. Kundi letu tunalipa sote, hata tukiwa tumealikwa na wanamuziki wenyewe. Kiingilio chenyewe hakifiki bei ya sahani ya pweza na soda mbili. Wimbo ukitugusa tunakwenda mbele kumtunza mwimbaji, mkononi, mbele ya watu, kama mama zetu walivyofanya kwenye taarabu. Fundi cherehani wetu ametoa zaidi ya hapo: mashati ya jukwaani ya bendi moja ya vijana ameyashona yeye, kwa kitambaa walichonunua wao, na hakuchukua hela ya ufundi.

Mmeuliza pia tungependa kibadilike nini, mhariri. Mimi nina mawili. Kwanza, wenye kumbi za hapa watenge usiku mmoja wa wiki, hata uwe Alhamisi isiyo na wateja, uwe wa nyimbo mpya peke yake, kiingilio kidogo, vijana wapande kwa zamu. Wanafunzi wapo, vyombo vipo, na sisi tutakuja. Pili, muda. Tangazo likisema saa moja usiku, watu waanze saa moja. Sisi tunaofungua duka asubuhi, na wageni wengine wanaotaka kuwahi daladala ya kurudi Dar es Salaam, tunaondoka saa nne bendi bora ikiwa ndiyo kwanza inapima maiki.

Msomaji wenu,
Bagamoyo