Kabla hujaomba leseni ya mbio za saketi

Wengi wanaoanza mbio za magari huniuliza kwanza habari za mwendo: nifanye nini nipunguze sekunde mbili siku ya mtihani wa leseni? Swali hilo liweke kando. Mkufunzi aliyekaa kiti cha abiria hahitaji sekunde zako. Anataka kujua kama madereva wengine wataweza kutabiri utakachofanya: unatazama vioo, huyumbiyumbi ukifunga breki, unaiona bendera ya wasimamizi kando ya barabara kabla hujaifikia.

Bendera ndizo ninazotaka zikuchukulie muda. Uingereza, katika mtihani wa ARDS, chama cha shule za madereva wa mbio, maswali ya bendera hayana msamaha. Njano: kuna hatari, usimpite mtu. Nyekundu: mbio zimesimamishwa, punguza mwendo urudi piti, mahali magari yanapohudumiwa, kwa tahadhari. Buluu: nyuma yako yuko mwenye kasi zaidi. Hizo wengi wanazijua. Zinazochanganya ni ile ya njano yenye mistari myekundu, maana yake barabara inateleza, na ile nyeusi yenye duara la rangi ya chungwa, inayoonyeshwa pamoja na namba yako: gari lina hitilafu, ingia piti. Kuzisoma tu hakutoshi. Kila mzunguko wa mazoezi, taja kwa sauti kila kituo cha bendera unachokipita, mpaka macho yazoee kukitafuta yenyewe. Anayekodolea kona tu hupitwa na vituo vyote.

Kuhusu utaratibu, soma kanuni za chama chako, si za rafiki aliye nchi nyingine. Marekani, SCCA, klabu ya mbio za magari iliyoanzishwa 1944, humpa mgeni kibali cha muda baada ya kupimwa na daktari. Kisha mgeni huyo huingia shule ya madereva, hukimbia mbio za mwanzo akiangaliwa, ndipo aombe leseni kamili. Daktari umwone mapema kabisa, ili tatizo la macho au presha likionekana upate muda wa kulishughulikia.

Helmeti ya pikipiki usiipeleke. Zile zilizoidhinishwa na Snell, taasisi inayopima helmeti, zenye alama ya SA hupimwa kwa moto, na pia kwa kugongwa kama kichwa kinapojipiga kwenye vyuma vya kinga ndani ya gari. Za pikipiki, zenye alama ya M, hazipimwi hivyo. Mkanda wa kiti wa mtumba nao ni mtego: ule ulioidhinishwa na FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, huandikwa mwaka wa mwisho wa matumizi, na ukishapita, mkaguzi ataukataa hata kama haujawahi kufungwa. Hivyo viwili nunua vipya. Gari waweza kukodi, na mimi naona ni bora hivyo mwanzoni, uwaze bendera badala ya kutengeneza breki usiku kucha.

Ukiteleza nje ya barabara siku ya mtihani, usirudi kwa pupa. Tazama kituo cha bendera kilicho karibu, ngoja magari yapite, kisha ingia taratibu pembeni. Nimeona watu wakipitishwa baada ya kuteleza, kwa sababu wakufunzi waliridhika na jinsi walivyorudi.