Kabla ya Kupanda Asheton Maryam: Ushauri kwa Wapanda Milima wa Nairobi

Mkazi wa Nairobi anayetamani kupanda kwa miguu hadi Asheton Maryam, monasteri ya kale iliyo mlimani juu ya mji wa Lalibela nchini Ethiopia, ana mahali pazuri pa kufanyia mazoezi karibu na nyumbani. Kilele cha juu kabisa cha Milima ya Ngong kina mwinuko wa takriban mita 2,460 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Lalibela wenyewe uko karibu katika mwinuko huo huo. Maana yake ni kwamba pale ambapo Ngong inaishia, Asheton ndiyo kwanza inaanza, kisha inapanda hadi zaidi ya mita 3,000. Tembea Ngong yote, kutoka kwenye mitambo ya umeme wa upepo hadi Kona Baridi, Jumamosi kadhaa mfululizo, ukivaa viatu vile vile utakavyosafiri navyo. Buti la mtumba kutoka Gikomba lililokwisha kuuzoea mguu wako ni bora kuliko jipya la dukani.

Usilipie tiketi kabla ya kuuliza habari za usalama. Tangu mwaka 2023 kumekuwa na mapigano katika jimbo la Amhara, ambamo Lalibela imo, kati ya jeshi la serikali na wapiganaji wa Fano. Ukiambiwa na wenyeji kwamba wakati haufai, ahirisha safari bila kusitasita.

Siku ya kupanda, ondoka alfajiri. Waethiopia huhesabu saa kuanzia macheo kama sisi, kwa hiyo ukipatana na mwongozaji saa kumi na mbili asubuhi mtaelewana vizuri. Njia hupita kwenye mashamba ya nafaka na miti ya mikaratusi, kisha huanza kupanda kwa ukali, na watu wengi hutumia saa mbili au tatu kufika juu. Nenda kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza bila kuhema. Kichwa kikianza kuuma au kizunguzungu kikikushika, pumzika na unywe maji, na hali isipotulia, shuka. Anayeona mlima ni mzito anaweza kukodi baghala mjini, ingawa sehemu zenye mawe zitamlazimu kushuka na kutembea.

Karibu na kilele, njia hupenya katika ufa mwembamba wa mwamba, ambamo bega hugusa jiwe upande huu na mkoba ukakwaruza upande wa pili. Ukitoka humo umefika kwenye kanisa, ambalo limechongwa katika mwamba na ambalo mapokeo hulihusisha na Mfalme Na'akueto La'ab wa ukoo wa Zagwe, aliyetawala baada ya Mfalme Lalibela. Hapa ndipo ninapowasihi wenzangu wabadilishe mwendo. Wengi hufika, hupiga picha ya bonde, na kuanza kushuka, ilhali hii ni nyumba ya ibada inayotumika hadi leo. Vua viatu mlangoni (soksi nene zitakufaa, kwa kuwa sakafu ni baridi), na wanawake wajifunike kichwa kwa shuka nyepesi. Kasisi alipotufungulia kitabu cha kale, kilichoandikwa kwa mkono juu ya ngozi kwa lugha ya Kige'ez, alikisogeza mlangoni penye mwanga na kugeuza kila ukurasa kwa kuushika pembeni tu. Uliza kabla ya kupiga picha, usitumie mmweko wa kamera, na uwe na noti ndogo za birr za kutoa sadaka, kando na ada ya kiingilio.

Jumatano na Ijumaa ni siku za kufunga, ambapo waumini hawali nyama, maziwa wala mayai, kwa hiyo tarajia injera (mkate mwembamba uliochachushwa) na shiro (mchuzi mzito wa unga wa kunde au dengu). Kati ya Juni na Septemba mvua hunyesha sana na mawe huteleza. Safiri kuanzia Oktoba. Kushuka huchosha magoti kuliko kupanda, basi chukua fimbo, na ubakize angalau nusu ya maji yako kwa ajili ya kurudi, kwa maana jua la mchana huko juu ni kali hata upepo unapokuwa baridi.