Maswali Yenu: Sampuli ya Kariakoo, Kihisi cha Jangwani na Alfa ya 0.41

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wanafunzi waliokwama kwenye sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti. Tumechagua tano. Mbili za kwanza tumezijibu kwa kirefu kwa sababu makosa yake tunayaona kila msimu wa tasnifu.

Natafiti mikopo midogo na ukuaji wa mtaji kwa wenye maduka Kariakoo. Orodha yangu ina maduka 1,200. Kwa kanuni ya Yamane nimepata sampuli ya 300, nami nimeandika kwamba nitawachagua wahojiwa kwa makusudi. Msimamizi amerudisha pendekezo, pembeni kaandika: "Kanuni na mbinu haviendani." Kosa liko wapi? Na muda ukinibana, naweza kupunguza hao 300? (Mwanafunzi wa uzamili, Ubungo)

Hesabu yako ni sahihi. Unachukua 1,200, unagawanya kwa 1 + (1,200 × 0.05 × 0.05), 0.05 ikiwa ni asilimia 5 ya kosa unayoiruhusu, yaani 1,200 kwa 4, unapata 300. Msimamizi hapingi hesabu. Anachokataa ni kwamba kanuni hiyo imejengwa juu ya uchaguzi wa nasibu: kila duka kwenye orodha liwe na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa. Ukishasema "kwa makusudi", ile asilimia 5 ya kosa inabaki pambo. Uchaguzi wa makusudi una mahali pake, mathalani mahojiano ya kina na watu 15 au 20 wanaolijua jambo, lakini hauhitaji Yamane.

Kwa kuwa orodha unayo, na wengi hawana, itumie. Igawe kwanza kwa aina ya biashara. Tuseme maduka ya nguo ni 600, ya simu na vifaa vya umeme 360, ya vyombo vya nyumbani 240. Robo ya kila fungu inakupa 150, 90 na 60. Kisha ingiza majina kwenye Excel, fungu moja kwa karatasi moja. Kwenye safu ya pembeni andika =RAND() hadi chini, nakili safu hiyo na uibandike kama thamani tupu, ndipo upange kutoka namba ndogo kwenda kubwa. Maduka 150 ya juu ndiyo yako. Usiruke hatua ya kubandika thamani: RAND hubadilika kila unapogusa faili, na kesho utafungua ukute orodha nyingine kabisa huku nusu ya dodoso zimeshajazwa.

Kuhusu kupunguza, sisi tungekushauri uongeze. Si wote watakaokubali. Ukitarajia wanane kati ya kumi wajibu, gawa 300 kwa 0.8 na uandae majina 375 tangu mwanzo, kwa uwiano uleule. Kuna na jambo ambalo wengi hugutuka nalo siku ya utetezi: asilimia 5 ni ya sampuli nzima tu. Ukianza kulinganisha mafungu, kosa la wale 150 wa nguo ni kama asilimia 7, la 90 wa simu ni asilimia 9, na la 60 wa vyombo linafika asilimia 11. Kwa hiyo ukiandika kuwa wauza vyombo wanakopa zaidi ya wauza nguo kwa tofauti ya asilimia 6, mtahini ana haki ya kukuuliza umeijuaje. Kama ulinganisho ndio moyo wa utafiti wako, ongeza lile fungu dogo.

Sasa Kariakoo kwenyewe. Duka lililochaguliwa likiwa limefungwa, usiingie la jirani. Maduka yanayofungwa mara kwa mara huenda ndiyo yenye mtaji uliokatika, na ukiyaruka umewatoa kwenye utafiti walewale unaowatafuta. Rudi mara tatu, siku na saa tofauti, kisha uandike "hakupatikana". Epuka Ijumaa kati ya saa sita na nusu na saa nane mchana. Amua pia mapema unamhoji nani: tajiri au kijana wa dukani. Swali la mkopo analijua tajiri, ila anayekukaribisha ni kijana, naye atakujibu kwa adabu mambo asiyoyajua. Kama tajiri hayupo, chukua miadi.

Mauzo usiyaulize mwanzoni. Mgeni mwenye karatasi na kalamu anayeuliza "unauza kiasi gani kwa siku" anachukuliwa kuwa mtu wa kodi, na hapo mazungumzo yamekwisha. Onyesha kitambulisho na barua ya chuo iliyopita kwa mtendaji, anza na historia ya biashara, na ukifika kwenye fedha mpe mafungu ya viwango achague badala ya kumtaka ataje kiasi kamili. Wamachinga wa nje ya maduka waache kwenye utafiti huu. Hawamo kwenye orodha yako, na kuwachanganya kutakuharibia hesabu yote.

Mradi wetu wa mwaka wa mwisho ni kifaa cha tahadhari ya mafuriko kwenye mtaro upande wa Jangwani. Tumetumia kihisi cha HC-SR04 kinachopima umbali hadi majini kwa mwangwi wa sauti, bodi ya ESP32 na moduli ya SIM800L ya kutuma ujumbe. Maabara kilifanya kazi. Kwenye mtaro vipimo vinarukaruka, na kila kikitaka kutuma ujumbe kinajizima na kujiwasha upya. (Wanafunzi wanne, Kigogo)

Mna magonjwa mawili, msiyatibu kwa pamoja.

La kujizima ni umeme. SIM800L inataka volti 3.4 hadi 4.4, na wakati wa kurusha mawimbi hunyonya mkondo unaoweza kufika ampea 2 kwa kitambo kifupi sana. Ukiilisha kutoka pini ya volti 3.3 ya ESP32 haishibi. Ukiilisha volti 5 moja kwa moja unaiweka kwenye hatari ya kuungua. Maabara huenda mlikuwa karibu na mnara, au adapta yenu ilikuwa na nguvu, ndiyo maana hamkuona kitu. Ilisheni kutoka betri ya lithiamu ya seli moja, ambayo ikijaa hufika volti 4.2, kwa waya zake yenyewe, nene na fupi. Zile waya nyembamba za kuchomeka kwenye bodi ya majaribio zinapoteza volti njiani. Wekeni kapasita ya maikrofaradi 1,000 karibu kabisa na pini za moduli, na hasi ya betri iunganishwe na hasi ya ESP32. ESP32 ipite kwenye kidhibiti volti chake.

Mita ya kawaida haitawaonyesha anguko hilo la volti, ni la haraka mno. Ombeni osiloskopu ya maabara, kifaa kinachochora volti inavyobadilika, na muiangalie volti moduli inapotuma. Bila osiloskopu, tazameni taa ya moduli: ikipepesa kila sekunde moja inatafuta mtandao, ikipepesa kila sekunde tatu imeshaupata. Kama inapata mtandao, inapotea, inaanza upya, tatizo ni umeme au antena. Hakikisheni pia eneo lenu lina mawimbi ya 2G, kwani moduli hiyo haijui mengine.

Vipimo kurukaruka kuna sababu zaidi ya moja. Ya kwanza ni upana wa sauti. HC-SR04 hurusha sauti kwa umbo la koni ya nyuzi kama 15. Kwa umbali wa mita 3, koni hiyo ina upana wa karibu sentimita 80, kwa hiyo kihisi kilichofungwa sentimita 20 kutoka ukutani kinasoma ukuta, bomba lililochomoza au mzizi, siyo maji. Kisogezeni angalau sentimita 40 kutoka kila upande, na kitazame chini wima; tumieni pima maji ya fundi mwashi, si macho.

Ya pili ni joto. Programu nyingi zinazonakiliwa mtandaoni zinachukulia sauti inasafiri mita 343 kwa sekunde, ambayo ni kweli hewa ikiwa na nyuzi 20 hivi. Mchana wa Dar wenye nyuzi 32 mwendo ni kama mita 350.5. Maji yakiwa mita 3 chini ya kihisi, programu itasema mita 2.94. Yaani kifaa kinadai maji yamepanda sentimita 6 wakati kilichopanda ni jua, na watu wakiamshwa kwa tahadhari za uongo mara mbili tatu, ya nne hawatoki ndani. Ongezeni kihisi cha joto cha DS18B20 na rizista ya kilo-omu 4.7 kati ya waya wa data na ule wa chanya, kisha mkokotoe mwendo kwa 331.3 + 0.6 × joto. Kikae kivulini nje ya boksi. Ndani ya boksi lililoanikwa juani joto si lile la hewa ya mtaroni.

Ya tatu ni unyevu. HC-SR04 ina macho mawili yaliyo wazi, na mvua ya masika haitaibakiza. Kihisi kingine cha sauti, JSN-SR04T, kimezibwa dhidi ya maji, ila hakioni kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 20 hadi 25. Basi kifungeni juu vya kutosha ili hata mtaro ukijaa hadi ukingoni maji yasifike kwenye eneo hilo.

Chupa na mifuko inayoelea itaendelea kuwasumbua. Chukueni vipimo saba vyenye nafasi ya milisekunde 60 kati yake, vipangeni kutoka kidogo hadi kikubwa, mtumie cha katikati. Msitumie wastani: kipimo kimoja cha ajabu kinauvuta wote. Na pini ya Echo ya kihisi hutoa volti 5 wakati ESP32 ni ya volti 3.3. Wekeni rizista ya kilo-omu 1 kutoka Echo hadi pini ya kusoma, na ya kilo-omu 2 kutoka pini hiyo hadi hasi.

Kabla ya kurudi mtaroni, chukueni ubao na futi ya chuma. Pimeni umbali kumi, kuanzia sentimita 50 hadi mita 3, asubuhi, mchana na jioni. Andikeni futi inasema nini na kifaa kinasema nini. Jedwali hilo lina uzito kuliko picha zote za boksi mlizopanga kuweka kwenye ripoti. Mtaroni choreni mistari ya sentimita ukutani kwa rangi ili mlinganishe kwa macho. Hifadhini muda ghafi wa mwangwi pamoja na joto, siyo sentimita pekee; mkigundua kosa la kanuni baadaye mtakokotoa upya bila kusubiri vuli.

Alfa ya Cronbach ya dodoso langu ni 0.41. Nifute maswali mpaka ifike 0.7? (Mwanafunzi wa uongozi wa biashara, Tabata)

Usifute kitu bado. Alfa hupima kama maswali ya dhana moja yanakwenda pamoja. Angalia kwanza kauli zilizogeuzwa. Kama tisa zinasifu huduma na moja inasema "Huduma hapa zinachosha", hiyo ya mwisho igeuze kabla ya hesabu: kwa kipimo cha 1 hadi 5, alama mpya ni 6 toa alama ya zamani. Kosa hili peke yake linaweza kuishusha alfa mpaka chini ya sifuri. Pili, hakikisha hukuingiza umri, jinsia na elimu ndani ya hesabu, tumeyaona hayo. Tatu, alfa hukokotolewa kwa dhana moja moja. Kuridhika kwa mteja na uaminifu kwa kampuni ni alfa mbili.

Yakiwa sawa hayo, soma kauli zenyewe. "Huduma ni ya haraka na bei ni nafuu" ni maswali mawili. Anayekubali moja na kukataa jingine anaweka alama popote. Kauli za kukanusha ni mbaya zaidi. Mtu akiulizwa "Huridhiki na huduma?" akajibu ndiyo, wengine wamekusudia ndiyo siridhiki, wengine ndiyo naridhika. Ziandike upya, zijaribu kwa watu 30 wasiokuwamo kwenye sampuli, kisha hesabu tena. Ikija 0.96 nayo usishangilie: huenda umeuliza swali moja kwa maneno kumi.

Raia wa Tanzania nikiwa mwanafunzi, lazima niende COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) kuomba kibali? (Mbezi)

Kwa kawaida unaanzia chuoni kwako. Chuo kinakupa barua kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani au halmashauri hadi kwa mtendaji wa kata na mtaa. Barua hizo huchukua muda, ziombe kabla hujachapa dodoso. Mtafiti wa kigeni huomba kibali COSTECH. Utafiti wa afya una njia yake ya maadili, NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu). Na ukikusanya majina na namba za simu kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022: omba ridhaa, na orodha ya majina itunze kando na majibu.

Jarida moja limekubali makala yangu ndani ya siku tatu, linataka dola 150. Lina ISSN. Nilipe? (Mhadhiri msaidizi, Kimara)

Usilipe. ISSN ni namba ya utambulisho tu, haipimi ubora. Siku tatu hazitoshi wataalamu wawili kusoma makala na kuandika maoni, na kama hukutumiwa maoni yoyote ya kurekebisha, hakuna aliyeisoma. Tafuta jina la jarida wewe mwenyewe ndani ya orodha za majarida za DOAJ, AJOL au Scopus, usibofye viungo walivyokutumia. Waandikie wahariri wawili waliotajwa kwenye bodi, kwa barua pepe za vyuo vyao, uwaulize kama wanalijua. Kisha litumie jarida barua ya kuiondoa makala na usubiri uthibitisho kabla ya kuipeleka kwingine, maana baadhi huichapisha hata bila malipo, na jarida la maana litaikataa kwa kuwa imeshatoka.