Chokea la mtoto, tulikamue?

SWALI: Asalaam alaykum daktari, mwanangu wa miaka 6 katokwa na chokea kope ya juu, bibi yake ataka alikamue, nifanyeje? Mama, Wete.

JIBU: Waalaykum salaam mama. Msilikamue hata kidogo, usaha utasambaa. Chovya kitambaa safi maji ya vuguvugu, jaribu kwanza mkononi mwako, umwekee jicho kalifumba dakika 5 hadi 10, mara 3 au 4 kwa siku, mengi hupasuka yenyewe. Taulo lake mbali, na ule wanja wa kijiti kimoja nyumba nzima mie siupendi kabisa, wacheni. Ila kope ikivimba mpaka jicho halifunguki, au ana homa, au aumia akigeuza jicho, usingoje asubuhi, mpeleke hospitali usiku huo huo.