Swali la lugha: Mtoto wa kunguni wa kijani ni kiwavi?

SWALI: Naandaa kipeperushi cha wakulima wa maharage na nyanya kuhusu kunguni wa kijani, mdudu anayefyonza mazao hayo. Nimeandika: "Viwavi wa kunguni wa kijani ni nyeusi zenye madoa meupe." Mwenzangu amefuta "viwavi" akaweka "kunguni wadogo". Nani yuko sahihi?

JIBU: Amefuta vizuri, ila alichoweka nacho kina kasoro.

Kiwavi ni mtoto wa nondo au kipepeo: laini, mrefu, hutafuna majani, na kabla ya kuota mabawa hujifungia akatulia kwanza. Buu na lava nao hupita njia hiyohiyo. Kunguni haijui. Akianguliwa tu ana miguu sita na mdomo wa sindano uliokunjwa chini ya kifua, kisha hujivua ngozi mara tano hadi awe mpevu.

"Wadogo" nalo hutaja kimo, wala si umri. Wapo kunguni wapevu wasiozidi punje ya mchele. Sifa ya umri ni -changa, kwa hiyo andika "kunguni wachanga". Chunga "wa" isijipenyeze kwenye umoja: "kunguni mchanga" hajakomaa, "kunguni wa mchanga" anaishi mchangani. Lipo pia "tunutu", ambalo asili yake ni mtoto wa nzige asiyeruka. Baadhi ya waandishi wa elimu ya wadudu wamelipanua, na mantiki wanayo, kwa kuwa nzige naye hukua hivyohivyo. Kitabuni ningelitumia, kwenye kipeperushi mkulima atatafuta nzige.

Upatanisho: kunguni ni kiumbe hai, basi "ni weusi wenye", si "ni nyeusi zenye".

Sasa rangi, maana hapo sentensi yako inapotosha hata sarufi ikinyooka. Wanaotoka yaini ni wa rangi ya machungwa, nao hubaki wamekusanyika juu ya maganda ya mayai. Weusi wenye madoa meupe ni wa hatua za kati, na ndio hudhaniwa kuwa mdudu kibibi, yule wa mviringo anayekula vidukari. Mkulima akiwachanganya, anamwacha adui au anaua rafiki. Mweleze amtazame mgongo: kibibi ana magamba mawili magumu yanayokutana kwa mstari katikati, kunguni mchanga hana. Hatua ya mwisho huwa na kijani, madoa meupe na mekundu, na vijibawa vifupi begani visivyofunika tumbo. Usiviite "mabawa", maana msomaji atadhani anaruka.

Ningeandika hivi: "Kunguni wa kijani wachanga hawana mabawa kamili. Hutoka yaini wakiwa na rangi ya machungwa, huwa weusi wenye madoa meupe, kisha hugeuka kijani. Wasake chini ya majani wangali kundi moja, kabla hawajatawanyika."