Kabla ya Kununua Sensa, Kagua Alama za Mkanda

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Nina Toyota Corolla AE110, injini 5A-FE, nabebea bidhaa kati ya Gongoni na Malindi mjini. Nimebadilisha mkanda wa taimingi mwenyewe. Sasa gari latetemeka likisimama, halina nguvu, lanuka petroli na plagi zimekuwa nyeusi. Nimezungusha distributa mpaka mwisho wa nafasi yake, likatulia kidogo tu. Jirani aniambia ninunue sensa ya MAP, ile inayopima mvuto wa hewa iingiayo kwenye injini. Ni kweli?
Msomaji, Gongoni

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yetu. Pesa ya sensa usiitoe bado. Distributa, kifaa kinachogawa cheche kwa plagi, kufika mwisho ndiyo dalili kubwa kwenye barua yako: yaelekea mkanda umekosea jino. Katika injini hii distributa huzungushwa na kamshafti, shafti ya juu inayofungua valvu, kwa hivyo mkanda ukikosea, valvu na cheche hukosea pamoja. Ukigeuza distributa unarekebisha cheche peke yake. Valvu zinaendelea kufunguka wakati usio wake. Mvuto wa hewa ndani ya manifoldi (mabomba ya kuingiza hewa) unapungua, sensa ya MAP inaupima ulivyo, nayo kompyuta inadhani gari limebeba mzigo na kuongeza petroli. Ndiyo maana plagi zimeingia masizi. Sensa unayotaka kuitupa huenda ndiyo inayosema kweli.

Toa waya hasi wa betri, fungua plagi zote nne ili injini izunguke kwa wepesi, kisha zungusha krankshafti, shafti ya chini inayozungushwa na pistoni, kwa spana ukifuata mwendo wa saa mpaka mfuo wa puli yake ukae kwenye 0 ya kifuniko cha mkanda. Tazama tundu dogo la puli ya kamshafti: lazima lionyeshe alama iliyo kwenye kofia ya bearing nyuma yake. Likiwa upande wa pili, zungusha krankshafti mara moja zaidi, kwani yenyewe huzunguka mara mbili kamshafti ikizunguka moja. Puli ya nje ina mpira katikati, na mpira ukichoka alama yake hudanganya. Ukiwa na shaka, ivue ukague alama ya gia ndogo ya krankshafti dhidi ya mwili wa pampu ya oili.

Kosa hili hutokea zaidi mkanda unapofungwa ukiwa umelegea upande usio na tenshena, yaani puli inayokaza mkanda. Vuta upande huo kwanza, legeza bolti ya tenshena uiache springi ivute, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, ndipo ukaze. Kagua alama tena. Usiwashe kwa ufunguo kabla ya hapo: 5A-FE valvu zake hazigongani na pistoni, lakini injini nyingi nyingine zitapinda valvu.

Rudisha distributa katikati. Injini ikishapata moto, unganisha pini za TE1 na E1 kwenye kisanduku cha uchunguzi chini ya boneti, uweke nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu kwa taa ya taimingi. Bila kiunganisho hicho kompyuta huisogeza cheche yenyewe, na kipimo chako hakina maana.

Ukitaka kuihukumu MAP, ufunguo ukiwa umewashwa na injini imezimwa, pima volti kati ya PIM (waya wa ishara ya MAP) na E2 (waya wake wa ardhi). Hapa kwetu usawa wa bahari itoe kama 3.3 hadi 3.9, kisha ishuke injini ikiwaka. TE1 na E1 zikiunganishwa ufunguo ukiwa umewashwa na injini imezimwa, taa ya injini ikipepesa kodi 31 (hitilafu ya ishara ya MAP), anza na soketi na waya: chumvi ya Gongoni huacha kutu ya kijani kwenye pini. Ikipepesa kodi 12 (kompyuta haipati ishara ya mzunguko wa injini), huenda umesahau kuchomeka soketi ya distributa. Kagua pia mpira wa hewa unaokwenda MAP. Ukichomoka au kupasuka, petroli huzidi vilevile.

SWALI: Probox yangu ya 1NZ-FE yaonyesha kodi ya hitilafu P0016. Nimebadilisha sensa ya kamshafti, kodi yarudi.
Msomaji, Watamu

JIBU: P0016 haisemi sensa imekufa. Yasema kamshafti na krankshafti hazilingani. Injini hii hutumia cheni. Mwaga oili chafu, weka 5W-30, kama lita 3.7 pamoja na filta, safisha kichujio cha valvu ya VVT-i (mfumo unaobadilisha taimingi ya valvu kwa nguvu ya oili), na pima koili ya valvu hiyo: iwe kati ya omu 6.9 na 7.9 ikiwa baridi. Kodi ikirudi, fungua kifuniko ukague cheni na tenshena yake.